Nani Amemla Dada?

Mama alikuwa fundi cherehani, na sebule ndiyo ilikuwa karakana yake. Cherehani ilikaa dirishani ili ipate mwanga. Ukutani zilining'inia nguo za watu. Hii haina mkono, ile haina pindo, nyingine zimekwisha na wenyewe hawajaonekana. Ukitaka kukaa kwenye kiti cha nyumba ile, kwanza uliondoa kitambaa. Halafu ulipapasa. Pini hazina adabu.

Watoto walikuwa watatu. Wa kwanza ni Dada, binti wa miaka kumi na mitano. Wa pili ni Pengo, msichana wa miaka tisa. Aliitwa hivyo kwa sababu jino lake la mbele lilitoka na jipya likachelewa. Wa mwisho ni Kitinda, mvulana ambaye hajaanza shule. Baba yao aliendesha gari la mikate. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni, akinukia mikate kama tanuri.

Mama hakuwa na sanamu ya kuvalisha nguo kama zile za madukani. Sanamu yake ilikuwa Dada. Gauni likifika nusu, Mama aliita, "Njoo unisimamie!" Dada alipanda juu ya stuli na kunyoosha mikono. Mama alimzunguka na pini mdomoni. Wateja walikaa hapo hapo, wakatoa maoni yao bila kuombwa.

Siku moja alikuja mteja wa maneno mengi. Binti yake alikuwa anaolewa. Dada alikuwa juu ya stuli, amevaa gauni la mpambe wa bibi harusi. Zipu ikakwama mgongoni.

"Ehe!" mteja akasema. "Fundi, huyu binti unamlisha nini? Zipu inalia jamani, haina hata wa kuitetea!"

Sebule nzima ilicheka. Mama alicheka, maana mteja akicheka, fundi naye hucheka. Pengo alicheka kuliko wote, mpaka akakaa chini. Dada naye alicheka. Lakini alishuka kwenye stuli kabla ya kuambiwa.

Basi, watoto wa nyumba ile walikula jikoni, kwenye mkeka, katika sinia moja. Sebuleni hapakuwa na nafasi. Mama alikula baadaye, mkono mmoja kwenye kijiko na mwingine kwenye kitambaa. Baba alikula akirudi. Kwa hiyo hakuna mtu mzima aliyewaona watoto wakila. Sinia likirudi tupu, Mama alisema, "Haya, wamekula." Hakuuliza nani amekula.

Lakini Pengo aliona.

Mkono wa Dada ulikwenda kwenye sinia. Ukapanda mdomoni. Ukashuka. Kwa mbali ungesema anakula. Kwa karibu, mdomo haukufunguka.

"Dada," Kitinda alisema siku moja, "mbona unakula kama mwanasesere?"

"Kula, acha maneno."

Halafu Dada alisukuma nyama upande wa Pengo. "Chukua. Wewe unakua."

Pengo alifurahi. Ni nani anakataa nyama? Alijiambia, "Dada yangu hana choyo hata kidogo." Kesho yake alipata yai. Siku nyingine alipata mkate. Kila aliposita, Dada alimkonyeza. "Siri yetu. Usimwambie Mama, atasema nakudekeza."

Mambo mengine yalibadilika polepole. Dada alianza kupenda kupika. Alipika kila siku, akawapakulia wote, akawauliza kama chumvi imekolea. Yeye hakuonja. Baba alifurahi. "Nimepata mpishi!" alisema. "Mama yenu atulie na sindano zake."

Dada alivaa sweta wakati watu wengine walijipepea kwa vifuniko vya sufuria. Alitumwa dukani mara moja, akaenda mara mbili, tena mbio. Wenzake walikuja kumwita, akasema ana kazi. Alinuna kwa jambo dogo. Nywele zake zilijaa kwenye kitana.

Pengo na Dada walilala kitanda kimoja. Zamani Pengo alimkumbatia Dada mgongoni, kukawa laini. Sasa mgongo ule ulikuwa kama ngazi. Pengo alihesabu pingili kwa kidole, akaogopa, akaacha.

Asubuhi alivaa sketi yake ya shule. Kifungo kilikataa kufunga. Alivuta pumzi na kulazimisha. Ndipo wazo baya likamwingia kichwani.

Sketi yangu inabana. Nguo za Dada zinapwaya. Chakula chake nakula mimi. Kwa hiyo ninamla Dada.

Mtu mzima angecheka. Mtoto hakucheka. Alikaa kitandani, akatazama tumbo lake kama mtu anayetazama nyoka.

Kule sebuleni, Mama naye alikuwa na shida yake. Gauni la mpambe lilimshinda. Alilibana, likapwaya. Akalibana tena, likapwaya tena. Siku ya kulijaribu kwa mara ya mwisho, Dada alipanda stuli. Mama alishika kiuno cha gauni, kitambaa kikamjaa mkononi.

"Haiwezekani," alisema. "Juzi tu nimebana hapa! Kitambaa hiki kina wazimu. Kinavutika kama ahadi za mgombea."

"Labda ulikilowesha, Mama."

"Mimi? Nimeshona kabla hujazaliwa!"

Mama aliangalia mshono. Aliangalia pindo. Alikunja ukingo na kuangalia bitana. Hakumwangalia aliyelivaa. Fundi hutafuta kosa kwenye nguo, na hilo ndilo lilikuwa kosa lenyewe.

"Mama," Dada alisema, "mbona giza?"

Jua lilikuwa linawaka dirishani.

Dada akaanguka. Alianguka na stuli, na gauni, na pini zote. Mama alitema pini alizokuwa nazo mdomoni na kupiga magoti. "Mwanangu! Mwanangu!" Alimnyanyua. Alikuwa amejiandaa kwa uzito, akakosa uzito. Mikono yake ilipanda juu na Dada kama mtu aliyenyanyua ndoo akidhani ina maji.

Pengo alikuwa amesimama mlangoni. Mdomoni mwake mlikuwa na mkate. Ulikuwa mkate wa Dada. Hakuweza kuumeza wala kuutema.

Dada alifumbua macho. "Ni joto tu," alisema. "Nimesimama sana."

Jioni ile watu wakubwa walijaa sebuleni, na kila mmoja alikuja na jibu lake. Shangazi alisema ni mapenzi. "Msichana akikonda, tafuta mvulana." Jirani wa nyuma alisema ni minyoo. Mwingine alinong'ona kuhusu mimba, mwingine kuhusu jicho la watu. Baba alisikiliza yote, kisha akapiga meza.

"Ni kiburi! Mimi nabeba mikate mchana kutwa, mtoto wangu anakataa kula? Leteni sahani. Hutoki hapo mpaka umalize."

Dada alikaa mbele ya sahani. Machozi yalidondoka kwenye wali. Baba alikaa mbele yake na mkanda mezani. Hakupiga, lakini mkanda ulionekana. Mwisho Dada alikula, akakimbilia chooni. Kitinda alitazama yote kutoka chini ya meza. Hakuna aliyemkumbuka.

Chumbani, Dada alimshika Pengo mabega. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ukisema, mimi si dada yako tena. Umesikia? Apa."

Pengo aliapa. Angefanya nini? Alimpenda.

Tangu siku ile Dada alikula peke yake kwenye sahani yake, wote wakaikagua ikirudi, na kila siku sahani ile ilirudi tupu. Mama alishukuru. Baba akasema, "Mnaona? Mtoto anataka msimamo tu." Lakini mgongo wa kitandani ulizidi kuwa ngazi. Pengo hakuelewa. Sasa hakula tena chakula cha Dada. Nani basi alikuwa anakila?

Jumamosi moja alikuja Bi Nesi. Alikuwa muuguzi wa hospitali, na nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka pale. Alifuata sare yake mpya. Mama alimvalisha na kumjaza pini kila upande.

"Fundi, nikae?"

"Ukikaa utajuta, Bi Nesi. Simama hivyo hivyo. Nataka kipande cheupe cha kola."

Mama aliingiza mkono kwenye mfuko mkubwa wa mabaki ya vitambaa, pale nyuma ya cherehani. Alipapasa. Uso wake ukabadilika. Alivuta mkono. Ulitoka na kitu kinachonata, na siafu wakipanda mpaka kiwiko.

Mama alipiga yowe. Alimwaga mfuko sakafuni. Humo, ndani ya vipande vya nguo vilivyofungwa vizuri kama zawadi, mlikuwa na wali uliochacha. Mlikuwa na mayai. Mlikuwa na mikate ya Baba iliyoota ukungu wa kijani. Harufu ilijaa sebule.

"Nani?" Mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ilitisha zaidi. "Nani anatupa chakula nyumbani kwangu?"

Alimwona Pengo, mashavu yamejaa, sketi imebana. Akachukua rula ya mbao.

"Ni wewe! Umeshiba mpaka unazika chakula?"

Dada alikuwa mlangoni. Alimtazama Pengo. Macho yake yalisema neno moja tu: nyamaza.

Rula ilipanda juu. Pengo hakuogopa rula. Aliona mkono wa Dada ulioshika mlango. Mifupa yake ilihesabika kama meno ya kitana. Akajua kwamba akinyamaza leo, kesho hatakuwa na mtu wa kumtunzia siri.

"Nimemla Dada!" alipiga kelele.

"Umefanya nini?"

"Nimemla! Alikuwa ananipa chakula chake, mimi nakula! Kila siku! Mimi nanenepa, yeye anaisha! Nimemla, Mama, na sasa simli tena lakini bado anaisha!"

"Muongo!" Dada alilia. "Msaliti mkubwa wewe! Sitaki kukuona!"

Rula ilianguka yenyewe. Mama alimtazama binti yake mkubwa. Alimtazama kweli, kwanza uso, kisha shingo, kisha mikono ndani ya sweta. Alikuwa amekipima kiuno kile mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Akaona kwamba hakuwa amekiona.

Bi Nesi alitembea taratibu, kwa sababu ya pini. "Mwanangu," alimwambia Dada, "naomba mkono wako. Sikugombezi." Alimshika kifundo cha mkono, akatulia, akasikiliza mapigo. Tabasamu lake likapotea.

"Fundi, tunakwenda hospitali. Sasa hivi."

"Sasa? Na sare yako je?"

"Sare itanisubiri. Moyo wa mtoto hausubiri."

Bi Nesi alitoka barabarani na sare yenye mkono mmoja. Watu walishangaa. Hakumjali mtu.

Dada alilazwa. Daktari alisema moyo wake unapiga polepole mno, na damu yake imepungua. Alisema, "Mngechelewa, tungezungumza mengine." Mama alishika ukuta. Baba, mtu wa kupiga meza, alikaa chini kwenye korido na kufunika uso kwa kofia ya kazi.

Nyumbani kukaibuka jambo jingine. Kitinda alikataa kula. Baba alimpelekea mkate, akafunga mdomo. Alimpelekea ndizi, akakimbia. Alijificha chini ya cherehani.

"Kwa nini, baba?" Baba aliuliza. Safari hii aliuliza kwa sauti ya chini.

"Chakula kinauma."

"Kinauma vipi?"

"Wewe ulimwambia Dada ale. Akala, akalia. Halafu wakampeleka hospitali."

Baba aliuweka mkate chini. Alikwenda kumwita Bi Nesi.

Bi Nesi hakuwaambia watoto watoke nje kama wakubwa wanavyopenda. Alikaa nao sakafuni, baada ya kupapasa kwanza.

"Watoto wakinyimwa ukweli, hujitungia," alimwambia Baba. "Na wanachojitungia huwa kibaya kuliko ukweli." Kisha akawageukia. "Haya, niulizeni. Lolote."

Pengo alianza. "Nilimla Dada?"

"Hapana, mwanangu. Hakuna mtu anayemla mtu kwa kula nyama aliyopewa. Dada yako ni mgonjwa. Ni ugonjwa wa ulaji. Unaanza kichwani, lakini unaumiza mwili mzima."

"Ugonjwa gani huo wa kichwani? Ana wazimu?"

"Si wazimu. Mmeshasikia redio ya jirani ikipigwa kwa sauti kubwa? Hukuiwasha wewe, na huwezi kuizima. Basi ndani ya kichwa cha Dada kuna kama redio. Inamwambia, 'Wewe mnene. Usile. Ukila umeharibika.' Inasema hivyo hata kama amebaki mifupa. Akijitazama kwenye kioo, anaona kile redio inachosema."

"Mimi nilicheka zipu," Pengo alisema. "Nilicheka kuliko wote."

"Wote tulicheka," Mama alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ametoka hospitali, nguo zimekunjamana.

Bi Nesi alipumua. "Nisikilizeni vizuri. Kicheko kile kilikuwa kiberiti. Lakini kiberiti hakiwaki peke yake. Kuni zilikuwapo na hatukuziona. Kuna hofu, kuna masomo, kuna umri wenyewe, na wengine huzaliwa wakiwa wepesi kushikwa na ugonjwa huu. Kwa hiyo asijilaumu mtu. Lawama haijazi sahani. Ila tuache viberiti."

"Unaambukiza?" Kitinda aliuliza kutoka chini ya cherehani.

"Hauambukizi. Unaweza kumkumbatia Dada mpaka akukatae."

"Na chakula kinauma?"

"Chakula hakiumi. Dada alilia kwa sababu aliogopa. Wewe unaogopa nini?"

Kitinda alifikiri. "Mbuzi wa kwa jirani."

"Sasa baba akikufungia ndani na yule mbuzi, akakwambia hutoki mpaka umbusu, utampenda mbuzi?"

"Hapana!"

"Ndivyo ilivyo kwa Dada na sahani."

Baba aliinamisha kichwa. "Bi Nesi, mbuzi huyo nimemfungia mimi."

"Hukujua, Baba. Sasa umejua. Wagonjwa hatuwachapi. Tunakaa nao, tunakula nao, tunawafuata wataalamu. Safari yake ni ndefu. Atapanda, atateleza, atapanda tena."

Pengo alibaki na swali moja. Alilisema kwa kunong'ona. "Nilivunja kiapo."

Bi Nesi alimvuta karibu. "Siri ya zawadi, itunze. Siri inayomuumiza mtu, ipeleke kwa mtu mzima. Mtu mzima wa kwanza asipokusikia, nenda kwa wa pili. Huo si usaliti."

Wewe mzazi unayesoma, usisubiri siafu wakuonyeshe. Mtoto akijitenga na chakula, akapika bila kuonja, akavaa nguo nzito wakati wa joto, akakonda, akajitenga na wenzake, usimcheke na usimlazimishe. Mpeleke hospitali mapema. Na waulize wadogo zake. Wao hukaa naye sinia moja.

Dada alirudi nyumbani baada ya muda. Kila wiki alikwenda hospitali kuzungumza na mshauri. Wazazi nao waliitwa, wakafundishwa namna ya kukaa naye. Mama alisimamisha cherehani wakati wa chakula. Nguo ziliondolewa mezani, na wote wakala pamoja, Baba akisimulia visa vya barabarani. Hakuna aliyesema "kula" wala "umekonda" wala "umenawiri." Mama alinunua sanamu kuukuu, mkono mmoja umevunjika. Mteja wa maneno mengi aliporudi na kuanza, "Ehe, huyu binti sasa—" Mama alimkatiza.

"Dada'angu, hapa tunasema nguo. Miili hatuisemi."

"Makubwa!" mteja akasema. Lakini akaanza kusema habari za pindo.

Haikuwa rahisi. Kuna siku Dada alisukuma sahani na kufunga mlango. Kuna siku Baba alitoka nje kuzunguka nyumba ili asipige meza. Na kwa muda mrefu Dada hakusema na Pengo. Walilala kitanda kimoja kama wageni.

Mchana mmoja Pengo alimsindikiza Dada kutoka hospitali. Dada alitangulia mbele. Pengo hakuweza kuvumilia tena.

"Bado umenikasirikia?"

"Nilikuchukia," Dada alisema. "Nilitaka jino lako lisiote kabisa."

"Na sasa?"

Dada alisimama katikati ya njia. Alishika tumbo kama mtu aliyesikia hodi. Uso wake ulikuwa na mshangao.

"Sasa nina njaa."

Pengo alimkodolea macho. Neno lile hakuwa amelisikia kwa Dada siku nyingi. Alitaka kuruka, kupiga kelele, kuwaita watu wa dukani. Akakumbuka wazazi walivyofundishwa hospitali: chakula kisipigiwe kelele. Akasema tu, "Mimi pia. Twende."

Walimkuta Mama jikoni. Dada alisimama mlangoni na kusema tena, kwa sauti ya kujaribu, "Mama, nina njaa."

Kifuniko kilimponyoka Mama, kikazunguka sakafuni mpaka kikachoka. Hakupiga vigelegele. Hakumkumbatia. Aliwapa mgongo na kuwasha jiko, na moto ukakataa mara kadhaa.

"Ule nini, mwanangu?"

"Chochote. Mayai." Dada alichungulia. "Mama, unalia?"

"Vitunguu hivi."

"Hujakata vitunguu."

"Basi ngoja nivikate," Mama akasema.